Ni tamu, dada

Mdogo wangu alikuwa na siku tisa tangu ajifungue. Mtoto amelala kifuani pake, mkono wa kushoto umemkinga kichwa, wa kulia umeshika uma. Akachota, akatafuna, akameza. Akanitazama, akatabasamu.

"Ni tamu, dada."

Kisha akaiweka sahani kwenye meza ndogo, na kwa ncha ya kidole akaisukuma mbali kidogo, kama mtu anayetengeneza tu nafasi.

Kidole kile nimekiona kwa wiki sita. Nikiosha vyombo nakiona. Nikilala nakiona.

Ndani ya sahani kulikuwa na kuku na pasta ya krimu, niliyoipika saa nane nzima katika chungu cha umeme, kile cha kupika polepole. Nilikuwa nimemwahidi tangu mimba yake ina miezi saba: ukirudi nyumbani na mtoto, nitakuletea chakula cha moto, kizito, ambacho utaweza kukila kwa mkono mmoja. Nilichomletea kilikuwa hivi: pasta iliyopoteza umbo, ukiigusa inapondeka. Krimu imekatika, chembechembe nyeupe zinaelea kwenye maji, mafuta yamejitenga juu. Na kuku, ambaye alishinda ndani ya mchuzi tangu asubuhi, ametoka nyuzinyuzi na mkavu.

Alikula nusu. Alikula kwa ajili yangu.

## Tia vyote, funika, nenda zako

Nilikinunua chungu hiki kwa sababu ya sentensi hiyo moja. Kwa mtu anayerudi nyumbani jioni miguu imekwisha, ni kama dua iliyojibiwa. Na kwa miezi mingi ilinitosha. Nyama ya ng'ombe ya kuchemsha iliingia asubuhi ikatoka jioni imelainika mpaka kijiko kinaikata. Mboga za mizizi, mchuzi wa mifupa, vyote vilinitii.

Ndiyo maana pasta ilipoharibika, sikukishuku chungu. Nilishuku krimu. Nikasema labda ilikuwa karibu kuharibika.

Wiki iliyofuata nikarudia nyumbani kwangu, kimya kimya, bila kumwambia mtu sababu. Nikapunguza saa. Ikakatika tena. Mara ya tatu nikaamua kuilinda: kila nusu saa nafunua, nachungulia, nakoroga, nafunika. Kumbe kila ninapofunua, joto lililokusanywa kwa taabu linatoka lote na mvuke, na chungu cha aina hii, kwa kuwa moto wake ni mdogo, huchukua dakika ishirini hadi thelathini kulirudisha. Saa mbili usiku ilifika, kuku bado ni wa pinki katikati. Watoto walikula mkate.

Usiku ule niliketi jikoni peke yangu na kile chungu mbele yangu, nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo. Kitu hiki kilitengenezwa kupika nini?

## Tanuri lililozimwa

Aliyekibuni aliitwa Irving Naxon, mvumbuzi wa Chicago. Aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi wake, mwaka 1936, akaipata mwaka 1940. Wazo alilitoa kwa mama yake, Tamara, aliyemsimulia maisha ya usichana wake mjini Vilnius, Lithuania. Kabla Sabato haijaingia, familia za Kiyahudi zilikuwa zikipeleka chungu kwa mwoka mikate: maharage, nyama, viazi. Tanuri limezimwa kwa ajili ya Sabato, lakini matofali yake bado yana joto. Chungu kinalala humo usiku kucha, na kinachotolewa kesho yake ni chakula kilichoiva kwa joto lililosahauliwa.

Naxon akaliweka joto lile ndani ya kuta za chungu chenyewe, waya ukakizunguka. Akakiita Naxon Beanery, maana kilikuwa cha maharage. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ya Kansas City ikainunua biashara yake, na mwaka 1971 chungu kikaingia sokoni kwa jina la Crock-Pot.

Nilisoma habari hiyo mara mbili.

Maharage. Nyama ngumu. Viazi. Vyote ni vitu vinavyotaka usiku mzima. Hakuna hata kimoja kati yake kinachofanana na pasta, ambayo huiva kwa dakika kumi na moja, wala na krimu, ambayo haihitaji kuiva kabisa. Nilikuwa nimekikabidhi chungu vitu vitatu, kila kimoja na muda wake wa kuiva, nikavifungia pamoja chini ya kifuniko kimoja, nikaondoka.

## Jambo lililoninyima usingizi

Katika kusoma huko ndipo nilipogundua jambo ambalo lilinikaa moyoni kuliko pasta yote.

Asubuhi ile ya kumpikia mdogo wangu nilichelewa kuamka. Vidari vya kuku vilikuwa bado friza. Nikavimimina chunguni vikiwa na barafu, nikijiambia kwamba saa nane zitatosha kuyeyusha chochote.

Zinatosha kuyeyusha. Tatizo ni njiani. Bakteria huzaana haraka kati ya takriban nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na chungu cha moto mdogo, kikiwa na donge la barafu tumboni, huvuka eneo hilo kwa mwendo wa konokono. Halafu baadhi ya bakteria huacha sumu ambayo joto la baadaye haliiondoi. Ndiyo maana Idara ya Kilimo ya Marekani inaagiza nyama iyeyushwe kwanza, ndani ya friji, kabla ya kuingia kwenye chungu cha aina hii, na ndani ya kuku pafike angalau nyuzi 74.

Mimi nilimpelekea chakula hicho mama mwenye siku tisa tangu ajifungue, mwili wake bado haujapona.

Hakuumwa. Hakuna aliyeumwa. Lakini nilipoelewa, nilikaa chini. Nilimpigia simu usiku huo, nikamuuliza kama tumbo lilimsumbua siku zile. Akacheka akasema, "Dada, wiki tatu zimepita!" Sikumwambia kwa nini nauliza. Niliagiza kipimajoto cha nyama kabla ya kulala, na tangu siku hiyo sijapakua kuku bila kumchoma nacho sehemu iliyo nene kuliko zote.

Kama mnasoma haya na mna chungu kama changu, chukueni hili moja hata kama mtaacha mengine yote.

## Pasta haina subira

Nilianza na pasta kwa sababu ndiyo iliyonitia aibu zaidi.

Pasta kavu ni unga wa ngano ngumu. Ndani yake kuna wanga uliofungwa katika wavu wa protini. Ukiitupa kwenye maji yanayotokota, protini inakaza na wanga unavimba kiasi, ukiwa bado umeshikiliwa. Ukiitoa kwa wakati, unapata ule ukaidi mdogo chini ya jino. Ukiiacha, wanga unaendelea kunywa na kuvimba mpaka wavu unashindwa, unaanza kuvuja nje. Hapo pasta inakuwa gundi, na mchuzi wote unaonywewa unaondoka nayo.

Saa nane. Nilikuwa nimeipa saa nane.

Jaribio la nne niliitia mbichi nusu saa ya mwisho, nikapandisha moto. Ilikuwa afadhali, na kwa siku mbili nilidhani nimefika. Lakini nilipokula kwa makini, vipande vya pembeni karibu na ukuta wa chungu vilikuwa vimelainika kupita kiasi, vya katikati vina kiini kigumu, na vingine vimeshikana vitatu vitatu kama vidole. Ndani ya chungu hiki hakuna mtokoto wa kuvitenganisha. Kimiminika kimetulia tu, chenye joto lisilolingana.

Nikakubali. Pasta ichemshwe pembeni, kwenye sufuria yake, kwa maji mengi na chumvi ya kutosha.

## Krimu na limau

Hapa kosa lilikuwa langu mara tatu.

Kwanza, sehemu kubwa ya nilichokiita krimu ilikuwa maziwa yaliyopunguzwa mafuta. Nilidhani ni wema kwa mwili wa mzazi. Pili, nilikamua limau zima asubuhi, kwa ajili ya ladha. Tatu, nilitia jibini iliyokunwa kiwandani, ile ya pakiti.

Maziwa yana protini nyingi zinazoelea. Zikipata joto la muda mrefu, na juu yake tindikali ya limau, zinashikana, zinakaza, zinakamua maji nje. Ndiko kukatika. Krimu nzito, yenye mafuta karibu asilimia 36, inavumilia zaidi kwa sababu protini zake ni chache na mafuta yanazizingira. Ndiyo maana ile niliyodhani ni nyepesi na nzuri ndiyo iliyoharibika kwanza. Na jibini ya pakiti hupakwa unga wa wanga au nyuzi za mimea ili isigandamane, unga ambao huizuia kuyeyuka ikawa laini. Kipande kizima, ukikikuna mwenyewe, kinayeyuka vizuri, mradi usikitie kwenye moto mkali, kwani jibini nayo ikizidiwa na joto hukaza ikatema mafuta.

Jioni moja niliweka vikombe viwili mezani. Kimoja maziwa mepesi, kimoja krimu nzito, vyote vya moto. Nikatia matone ya limau, kidogo kidogo, nikikoroga. Maziwa yaligeuka mbele ya macho yangu: kwanza yakawa kama yana vumbi, kisha vipande, kisha maji ya kijani hafifu yakabaki chini. Krimu ikawa nzito tu. Binti yangu alikuwa amesimama kando yangu, akasema, "Mama, hiki kimeogopa." Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

## "Sasa chungu kinafanya nini?"

Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Alinitazama Jumapili moja nikiwa na kikaango upande huu, sufuria ya pasta upande ule, chungu katikati. Akauliza kwa upole tu:

"Kama kuku unamkaanga kwanza, pasta unaichemsha pembeni, krimu unaitia mwisho, sasa chungu kinafanya nini?"

Sikuwa na jibu.

Siku mbili sikuwa na jibu, na niseme kweli, nilikuwa karibu kukifunga ndani ya boksi lake. Kwa sababu ana haki. Kidari cha kuku, pasta na krimu, juu ya jiko la kawaida, ni kazi ya dakika thelathini na tano. Hakuna haja ya kuanza asubuhi.

Jibu la kwanza nililipata kwa kubadili nyama. Kidari hakina sababu ya kukaa saa nyingi: hakina mafuta, hakina tishu ngumu za kulainisha, kikishapita ule ukomo wa nyuzi 74 kinazidi tu kukamuliwa, na mchuzi unaokizunguka hauwezi kukirudishia maji yake. Paja ni kitu kingine. Paja lina tishu unganishi, na tishu hizo kwa joto la taratibu la saa nne hugeuka kuwa jelatini. Inailainisha nyama, halafu inavuja ndani ya mchuzi na kuufanya rojo lenye kushika mdomo. Dakika thelathini na tano jikoni hazikupi rojo hilo.

Jibu la pili nilipewa na mdogo wangu bila yeye kujua. Alinipigia saa kumi na mbili jioni. Nyuma yake mtoto analia kile kilio cha jioni ambacho hakina sababu wala dawa. Akasema, "Dada, asubuhi mtoto analala vizuri, nina dakika ishirini zangu. Ikifika jioni sina mkono hata mmoja."

Nikashika simu nikanyamaza.

Chungu kinaichukua kazi ya jioni na kuiweka asubuhi, saa ambayo mtu bado ana mikono miwili. Jioni kinakuachia kidogo tu, kazi ya robo saa, na hata mume anaweza kuifanya akielekezwa.

Lakini hicho kidogo lazima kifanywe. Hapo ndipo ile sentensi ya "funika, nenda zako" ilinidanganya. Ilipaswa kuongeza neno moja: urudi.

## Ninavyoipika sasa

Mapaja yasiyo na mifupa, kama gramu 900, yaliyoyeyuka kabisa. Nayafuta maji, natia chumvi na pilipili manga, nayapitisha kwenye kikaango cha moto kwa dakika tatu kila upande mpaka yawe rangi ya kahawia. Chungu hakiwezi kufanya hili. Ile harufu ya nyama iliyopata rangi, mchakato uliopewa jina la mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyeueleza mwaka 1912, inataka joto la nyuzi 140 hivi na zaidi, na ndani ya chungu, ambamo kila kitu kina majimaji, joto haliwezi kuzidi lile la kuchemka. Asubuhi ambayo sina nafasi, naliruka hili. Chakula kinalika, ila najua nilichokiacha.

Kwenye kikaango hichohicho naweka kitunguu, kisha punje nne za kitunguu saumu zilizopondwa, na kikombe kimoja cha supu ya kuku ili kukwangua kilichoshika chini. Kikombe kimoja tu, hata kama inaonekana ndogo. Mvuke unapanda, unagonga kifuniko, unarudi kama matone. Karibu hakuna kinachopotea, na kuku naye ataongeza wa kwake.

Vyote chunguni, moto mdogo, saa nne hadi nne na nusu. Sifunui.

Nusu saa ya mwisho ndiyo ninayoipenda. Nawatoa kuku, napima joto, nawachambua kwa uma mbili. Ndani ya mchuzi natia kijiko kikubwa kimoja cha wanga wa mahindi uliokorogwa kwa maji baridi, na gramu 225 za jibini laini ya kupaka, ambayo nimeitoa friji mapema ipoteze ubaridi. Nakoroga, nafunika, napandisha moto. Mwanzoni inatia hofu: jibini inaelea vipandevipande, unadhani imekatika tena. Mara mbili nilikata tamaa hapa. Subira ya dakika kumi na tano, koroga tena, na vipande vinapotea kimoja kimoja mpaka mwiko ukipita unaacha njia nyuma yake.

Wakati huo pasta inatokota, gramu 350. Pakiti inasema dakika 11, mimi naitoa ya 9. Nachota kikombe cha maji yake kabla sijayamwaga, yale yenye ukungu wa wanga, maana ndiyo yatakayoshikanisha mafuta na maji ya rojo likiwa zito mno. Natia krimu nzito, nusu kikombe. Nazima chungu. Kuku anarudi, pasta inaingia, jibini ngumu niliyoikuna mwenyewe inaingia, nageuza kutoka chini kwenda juu kwa dakika mbili. Limau linakaa mezani, kila mtu na sahani yake.

Inaliwa hapohapo. Ikikaa dakika ishirini, pasta inaanza tena kunywa. Kinachobaki nakiweka friji ndani ya saa mbili, na kesho yake nakipasha kwenye sufuria na tone la maziwa, kamwe si ndani ya chungu, kwa sababu ileile ya mwendo wa konokono.

## Jumamosi

Jumamosi iliyopita nilikibeba chungu mpaka kwa mdogo wangu. Asubuhi, mtoto amelala, tulifanya ya asubuhi pamoja, yeye kwenye kikaango, mimi kwenye kitunguu. Tukakifunika. Tukakaa sebuleni saa nzima bila kufanya chochote, jambo ambalo hatujalifanya tangu tukiwa wasichana.

Jioni mtoto alianza kilio chake, akamchukua, akazunguka naye chumbani. Mimi nikafanya ya jioni. Nilipofunua, mikono ilinitetemeka kidogo. Rojo lilikuwa limeshika, jeupe lenye umanjano, limenata kwenye pasta bila kuchuruzika.

Nikampakulia. Mtoto begani, uma mkononi, kama siku ile.

Akachota. Akatafuna, akatulia, akatazama juu kama mtu anayehesabu.

"Dada, chumvi imepungua."

Akachota tena kabla sijajibu. Kisha akasema, macho kwenye sahani, "Ile ya kwanza, kusema kweli, sikuweza kuimaliza."

"Najua," nikamwambia.

Akaisogeza sahani upande wangu, nimwekee chumvi.